Mti wa Jozi na Neno Nililolikosea

Alhamisi, mwishoni mwa Februari 2008. Kings Heath.

Mlango uliofungwa taratibu. Hiyo ndiyo sauti ninayoishi nayo, hii wiki ya pili sasa.

Haukubamizwa. Kitasa kilizungushwa, ubao ukakutana na fremu, na kelele zote za uani, kuku, mtoto anayelia, redio ya jirani, zikakatika kwa pamoja. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda cha duka la simu za nje kule Alum Rock, mkono wa simu umenigandia sikioni. Upande wa pili, nchini Uturuki, mwanamke ninayempenda na kumheshimu alikuwa ameinuka kwenda kufunga mlango wa chumba chake mwenyewe, kwa sababu ya neno nililolitamka.

Mvua ya leo ni ile nyembamba isiyojulikana imeanza lini. Mbingu ina rangi ya sufuria iliyosuguliwa sana. Nimekaa jikoni na kompyuta, mikono baridi, na nataka kuandika jambo hili lote kabla sijaanza kulipamba.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mzanzibari, nasomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha upande wa Edgbaston, huku kwa Waingereza. Tasnifu yangu inahusu mashairi ya Kituruki ya zama hizi, jinsi miti, mito na milima inavyosimulia vita. Mamdogo Rahma, mdogo wake mama, ambaye ana duka la vitambaa Alum Rock, husema nimevuka bahari mbili kwenda kusoma habari za miti ya watu.

Nilipoanza nilidhani maumbile katika shairi ni pambo. Mwezi, maua, ndege, halafu mpenzi. Mashairi ninayoyasoma yalinitoa usingizini. Humo msitu umechomwa ili wapiganaji wakose pa kujificha, na mshairi anasubiri kuona ndege gani watarudi. Mizeituni imeng'olewa kupisha mgodi. Mto umezuiwa kwa zege, na watu wa bondeni wameambiwa wahame kwa ajili ya umeme ambao hautawaka majumbani mwao. Maji ya mto huo yanashuka mpaka Iraki, ambako wapo askari wa nchi hii ninayosomea. Vita vinakwisha kwenye redio, halafu vinaendelea kwenye udongo.

Kwenye semina kuna mtu huuliza kila mara kama hayo ni mazingira au ni siasa. Sijawahi kumjibu vizuri.

Mwanamke wa kwenye simu sitamtaja jina. Namwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi miaka mingi na kwa Kituruki ndivyo ninavyomwita. Yeye huniita mwanakondoo wake, ndivyo wazee wa kwao wanavyowadekeza wadogo. Nimeonana naye mara moja tu, siku mbili, mwaka niliokuwa Istanbul kujifunza lugha. Nilisafiri kwa basi mchana kutwa na usiku kucha hadi mji wake wa kusini mashariki. Alinilisha mpaka nikashindwa kuinama, akacheka Kituruki changu, akaniambia nazungumza kama taarifa ya habari.

Kijiji alichozaliwa hakipo. Miaka ya vita wanajeshi waliwatoa watu, wakachoma nyumba, na mti mkubwa wa jozi uliokuwa katikati ya kijiji ukaungua pamoja nazo. Shina lake bado limesimama, jeusi upande mmoja. Sasa bwawa linajengwa chini kidogo ya bonde. Likijaa, magofu na makaburi na lile shina vyote vitakuwa chini ya maji.

Aliandika shairi juu ya mti huo. Halijachapishwa kwao, hakuna aliyethubutu. Alinitumia kwa posta, kwa mwandiko wake, kwenye karatasi ya daftari la shule yenye mistari. Ni nakala pekee.

Sasa niseme kosa langu.

Nina namna yangu ya kutafsiri. Kituruki nakipeleka kwanza kwenye Kiswahili, kisha Kiswahili nakipeleka kwenye Kiingereza. Msimamizi wangu aliwahi kuisifu mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa. Kituruki na Kiswahili vinapatana kama mabinamu. Sisi tuna dunia, kalamu, kitabu, zeituni, wakati. Wao wana maneno hayo hayo yaliyovaa kofia nyingine. Wao hawatofautishi "yeye" mwanamke na "yeye" mwanamume, sisi pia. Nikipita kwenye Kiswahili nasikia shairi linapumua.

Katika shairi la Mwalimu mti unaitwa kwa neno moja, na shairi zima limeegemea hapo. Nililisoma nikaandika kwa Kiswahili: shahidi. Sawa kabisa. Halafu nikaifunga ile karatasi, nikachukua Kiswahili changu, nikaanza Kiingereza. Mimi nimekulia chuoni, kwenye mkeka, mbele ya msahafu. Mti umeungua, umekufa kwa dhulma. Masikioni mwangu huyo amekufa shahidi. Nikaandika "martyr", mfia haki, na moyo wangu ukatulia kabisa.

Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili: aliyeona, na aliyeuawa kwa ajili ya haki. Kituruki kina mawili. Aliyeona ni "shahit". Aliyeuawa ni "shehit". Herufi moja. Na hilo la pili serikali na magazeti ya kule yanalitunza kwa ajili ya askari wao waliokufa vitani. Ukiupa neno hilo mti uliochomwa na askari hao hao, umewatukana wafu na walio hai.

Mwalimu aliandika shahit. Aliyeona.

Tafsiri yangu ilitoka Novemba katika jarida la idara, kisha kwenye kijikaratasi cha wanaopinga bwawa, kisha hapa kwenye blogu. Watu waliipenda. Waliopenda zaidi walipenda neno lile. Sura ya tatu ya tasnifu yangu nikaijenga juu yake, kurasa arobaini kuhusu mti kama mfia haki.

Aliyenifumbua macho ni Njeri, Mkenya ninayeishi naye nyumba moja, nesi. Ilikuwa Desemba, Jumamosi asubuhi, ametoka zamu ya usiku, ananywa chai akiwa bado na sare. Rasimu yangu ya Kiswahili nilikuwa nimeibandika kwenye friji.

"Salha," akasema, "huu mti ni shahidi wa nini? Wa kortini ama ni wale wa kugonga mlango Saturday na magazeti?"

"Shahidi wa kufa, Njeri. Aliyekufa shahidi."

"Aii! Kwetu shahidi ni mtu ameona kitu. Anaitwa kortini, anaulizwa maswali, anapewa soda, anarudi nyumbani." Akapiga miayo. "Sasa huu wako umekufa na umesimama hapo kwa friji. Basi haujafa vizuri."

Nilicheka. Kisha nikapanda chumbani, nikatoa ile karatasi ya daftari, nikaisogeza dirishani.

Ilikuwa herufi a. Tumbo lake la mviringo, mkia wake mfupi. Hata mtoto angeiona.

Na hapa ndipo pa aibu. Niliikunja karatasi nikairudisha kwenye bahasha. Nilijiambia nitarekebisha baada ya likizo. Nilijiambia maana mbili zinakaribiana. Kweli yenyewe ni kwamba sikutaka kuzipoteza kurasa arobaini, na nililipenda lile neno langu kuliko nilivyolipenda la kwake. Lake lilikuwa dogo, kavu, la mahakamani. Langu lilikuwa na damu.

Januari mwandishi mmoja wa safu katika gazeti la mkoa wa kule akaiona tafsiri ya Kiingereza. Akairudisha kwenye Kituruki. "Martyr" ikawa "shehit", kama ilivyopaswa kuwa. Akauliza kwa herufi nzito huyu mwalimu mstaafu ni nani, anayewavika miti heshima ya wanajeshi.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alipokea wito wa kufika mbele ya mwendesha mashtaka Jumatano ya kwanza ya Machi.

Ndiyo sababu ya simu ile ya Jumapili. Alikuwa ameniandikia nimpigie. Duka la simu lilikuwa limejaa, kila kibanda na lugha yake, nami nikasimama na kadi yangu mkononi kama mtu anayengoja daktari. Alianza kwa kuniuliza nimekula nini. Akasema aprikoti, matunda madogo ya manjano aliyoyakausha kiangazi, yameliwa na panya, akawalaani panya kwa ufundi mkubwa. Halafu, kwa sauti ile ile:

"Mwanakondoo wangu, kwa Kiingereza uliuita mti nani?"

Nikamwambia. Nilitamka "shehit", kwa Kituruki, ili nisieleweke vibaya.

Ndipo akaenda kufunga mlango.

Aliporudi alisema polepole, "Mimi niliandika shahit."

"Najua, Mwalimu."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema sasa hivi.

"Desemba."

Hakunigombeza. Kwenye kibanda cha jirani mtu alikuwa anacheka sana kwa Kiurdu, na nilimchukia mtu yule kwa dakika nzima.

Kisha akanieleza alivyoshauri wakili wake. Ni kijana mwenye akili, alisema, anaogopa kwa niaba ya kila mtu. Amesema njia iko moja na nyepesi: mimi niandike tamko kwamba ni mwanafunzi mgeni, kwamba nilikosea kusoma, na kwamba karatasi ya asili imepotea. Bila karatasi hakuna shairi. Kinabaki Kiingereza cha mgeni, na mgeni hafungwi kwa kutojua. Mwendesha mashtaka atafunga jalada, Mwalimu atarudi kwa panya wake.

"Basi nitaandika leo leo," nikasema. Nilikuwa tayari nalia kwa nafuu.

"Hutaandika hivyo."

"Kwa nini?"

"Karatasi imepotea?"

"Hapana. Ninayo."

"Basi kwa nini useme imepotea? Wametuchomea kijiji. Wanakuja kukizamisha. Na wewe unataka kukipoteza njiani posta?"

Nilimwambia jambo lililokuwa limenikaa rohoni tangu aliposema neno wakili. Kwamba neno langu lina matusi tu, lakini lake ni baya zaidi kwao. Wakiona shahit, aliyeona, watauliza swali moja. Aliona nini?

"Ndiyo," akasema. "Wataniuliza. Nimengoja miaka kumi na minne mtu wa serikali aniulize swali hilo. Nitamjibu, na karani ataandika. Bwawa likijaa, angalau itakuwa imeandikwa mahali pasipofika maji."

Kadi ikaisha muda. Hatukuagana.

Tangu siku hiyo sijui kulala vizuri usiku wala kufikiri vizuri mchana. Napanda basi namba 50, napita kituo changu, narudi kwa miguu. Nikiona miti ya barabara za Edgbaston, mikubwa, imepogolewa, kila mmoja na kibati chake cha namba, nawaza nani aliwahi kuitia miti hii hofu. Juzi kipanga mkubwa alitua uani akachana njiwa. Manyoya bado yapo, yamelowa, yamegandia majani. Sipendi kuyaona kama ishara, lakini nimeshindwa kuyafagia.

Jumamosi nilikwenda kwa Mamdogo Rahma. Nilimweleza yote kati ya marobota ya vitambaa, yeye akipima, mkasi mdomoni. Nilipofika kwenye lile neno la Kiingereza aliutoa mkasi.

"Umeliandika hilo kwenye kompyuta? Kwa jina lako?"

"Ni shairi, Mamdogo. Ni mti."

"Mti, mti! Polisi wakija kunigongea mlango wataniuliza habari za mti? Hapa si Unguja, mwanangu. Sisi wenye mitandio hatuandiki neno hilo kwa Kizungu, hata tukisema habari za bilingani."

Binti yake Samia, wa miaka kumi na tano, hakuinua uso kwenye simu yake. "She's literally writing about a tree, Mum."

"Nyamaza wewe, huna visa ya kufutwa." Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Huyo bibi ana watoto?"

"Ana mmoja, yuko mbali."

"Basi sema imepotea. Uongo wa kumlinda mtu mzima na jela, Mungu anaujua. Umri huo hautoki salama huko."

Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu ndilo nililokuwa nalitaka. Mwalimu ana miaka sitini na minane na kifua kibovu. Sentensi moja yangu, imepotea, na wiki ijayo analala kitandani kwake. Karatasi ikifika, sijui atalala wapi. Mkono wangu ndio utakuwa umempeleka.

Msimamizi wangu ni mtu mpole mno. Nilipomwendea Jumatatu alinipa kiti, akanipa chai, akaniambia nisubiri. Ofisi ya chuo itashauri. Nisitie sahihi kitu chochote. Akanikumbusha kwamba Aprili natakiwa kwenda Uturuki kwa utafiti, na kwamba mtu ambaye jina lake limo katika jalada la mwendesha mashtaka anaweza kugeuziwa uwanja wa ndege. Kuhusu sura ya tatu alitafakari, akasema labda kosa lenyewe linaweza kuwa mada: tafsiri kama kifo cha pili cha mti. Alisema hivyo kwa nia njema kabisa.

Niliiacha chai yake nusu, nikatoka.

Kwa sababu nilijiona. Miezi mitatu nimekuwa nikiandika juu ya haki ya mazingira, nani anasemewa na nani ananyamazishwa, na mara ya kwanza mtu wa bonde hilo aliponipa neno lake mkononi nililibadilisha kwa lililo zuri zaidi. Wenye bwawa nao wana michoro mizuri. Nimeiona. Ziwa la buluu, mashua, watalii.

Na sasa nilitaka kulibadilisha mara ya pili, kwa upole, kwa ajili yake. Kumlinda kwa kumfanya asiwe amesema chochote.

Jana niliketi na Njeri. Yeye hana habari na mashairi, lakini amekaa na wagonjwa wengi. Nilimuuliza mgonjwa mwenye akili zake timamu akikataa dawa inayoweza kumwokoa, wanafanyaje.

"Tunamwuliza tena," akasema. "Tunamweleza vizuri, asije akasema hakuelewa. Akikataa tena, tunaandika amekataa." Akamimina chai. "Then you go cry kwa choo, unarudi kazini."

Nikampigia Mwalimu mchana huo huo, kwa simu ya nyumbani, kwa mara ya kwanza bila kujali nani anasikiliza. Nilimuuliza tena. Nilimweleza vizuri: kifua, umri, jela, wakili ana haki. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha mbele yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bahasha iandikie anwani ya wakili kwa herufi kubwa. Mwandiko wako mbaya."

Leo asubuhi nimekwenda posta ya High Street kabla ya kuandika haya. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya daftari yenye mistari, na tamko langu la ukurasa mmoja. Nimeandika kwamba neno la mshairi ni shahit, yaani aliyeona. Kwamba lile jingine ni langu peke yangu. Kwamba nililijua kosa tangu Desemba na nikanyamaza kwa sababu ya sifa. Nimetia sahihi, nikaambatisha nakala ya pasipoti. Msimamizi nimemwandikia baada ya kutuma, si kabla: sura ya tatu naiondoa, safari ya Aprili nimeifuta. Tafsiri niliyoiweka hapa Novemba haipo tena. Iliyopo ina neno lake.

Karani wa posta aliniambia bahasha itafika Jumatatu. Jumatano Mwalimu ataulizwa, naye atajibu.